Wiki moja Manitoulin na vani iliyojaa fremu

JUMAPILI

Nimetoka Scarborough saa kumi na moja alfajiri, vani imejaa fremu 42, kila moja nimeivisha blanketi kuukuu kama vyombo vya bibi harusi, maana kioo na barabara havipatani kabisa. Kazi yangu mimi ni fremu, nakata mbao, nakata kioo, naunga pembe, hapa Toronto mwaka wa tisa sasa. Hizi 42 nimeziunga jioni jioni kwa vipande vilivyokuwa vinabaki dukani, na mzee mwenye duka aliposikia zinaenda wapi akasema beba zote, na kioo juu.

Ilianza mwaka jana. Alikuja dada mmoja dukani akauliza bei ya fremu arobaini, nikamtajia, akacheka akaondoka. Wiki ya pili karudi, akauliza na mbili je? Ndo tukaanza kuongea. Anasimamia programu ya sanaa ya vijana wa Anishnaabe huko kisiwani Manitoulin, hela ya mwalimu ipo, ya rangi ipo kidogo, ya fremu hamna, ya dereva hamna. Nikamwambia dereva umeshampata. Jina lake na la programu sitaji, sikuomba ruhusa, na vijana vilevile.

Kwa asiyekijua, Manitoulin ni kisiwa ndani ya Ziwa Huron, Kanada, hakuna kisiwa cha ziwani duniani kinachokishinda ukubwa, kilomita za mraba 2,766, yani Unguja inaingia na nafasi inabaki. Na chenyewe kina maziwa zaidi ya 100 ndani yake, ziwa ndani ya kisiwa ndani ya ziwa, ukiwaza sana kichwa kinauma. Wenyeji wake ni Waanishnaabe, wa mataifa matatu yaliyo ndugu, Ojibwe, Odawa na Potawatomi, muungano wao wanauita Mioto Mitatu.

Kutoka Toronto mpaka Tobermory ni kama kilomita 300. Nilipita Owen Sound, mji ambao watumwa waliotoroka Marekani walikuwa wanafikia zamani, nikasema nikirudi nitasimama, sikusimama. Tobermory unapanda feri inaitwa Chi-Cheemaun, maana yake mtumbwi mkubwa. Mimi mtu wa Kigamboni, pantoni nalijua, lakini hili mdomo wake wa mbele unanyanyuka juu wote kama kiboko anapiga miayo, magari yanaingia tumboni, afu unakunywa chai juu karibu saa mbili nzima. Nilishuka kuangalia fremu nikafukuzwa, hairuhusiwi kukaa kwenye gari safarini. Basi nikawa na wasiwasi mpaka South Baymouth, bandari ya upande wa kisiwani.

Kimepasuka kioo kimoja. Kimoja tu, nashukuru.

JUMATATU

Nilidhani nimekuja kutundika picha. Kumbe.

Saa mbili asubuhi dada kanipa karatasi, majina kumi na moja na nyumba wanazokaa, wengine Wiikwemkoong huku mashariki, wengine M'Chigeeng kule, mwendo wa saa nzima kati ya hapa na hapa. Hamna daladala kisiwani. Hamna bodaboda. Kama huna gari na mama yako kaenda kazini na gari, wewe siku hiyo umeshakaa. Hilo ndo tatizo namba moja la sanaa Manitoulin na wala halihusiani na sanaa.

Kijana wa kwanza ana miaka 19, katoka nje na vipande vitatu vya plaiwudi kwapani. Anachora kwenye plaiwudi ya kuokota kwenye majengo. Nikaambiwa baadaye kwamba mwaka jana alikuja siku mbili akaacha, watu wakasema hana nia. Gari la mjomba wake lilikuwa limekufa, basi. Na sasa kaja kila siku, siku zote, kwa sababu kuna mshamba mmoja kutoka Scarborough anampigia honi nje.

Wananiita anko. Sikuwafundisha mimi, wao wenyewe ndo wanavyoita mtu mzima, anko na anti, hata kama hamna undugu. Nikajisikia nyumbani mapema mno.

Wiikwemkoong ina historia yake na wanaisema kwa kujidai, mwaka 1862 serikali ilipokuja na mkataba wa kuchukua ardhi ya Manitoulin, huku mashariki walikataa kusaini, mpaka leo eneo lao linaandikwa rasmi kwamba halijawahi kusalimishwa. Hapohapo kuna magofu ya jengo la wamisionari lililoungua 1954, kuta za mawe tupu, hazina paa, na Debajehmujig wamewahi kulifanya jukwaa la maigizo wakati wa kiangazi. Hao ni kikundi cha sanaa za jukwaani kilichoanza 1984, jina lao ni la wasimulia hadithi, na siku hizi wana kituo chao Manitowaning, mji wa jirani. Tulipita nje tu, lakini vijana wawili kwenye vani walianzia pale, mmoja akasema alijifunza kushika taa kabla hajajifunza kushika maneno, kwa sababu alikuwa na haya sana na wakamwacha akae na taa mwaka mzima. Nimelipenda hilo. Wangemlazimisha kuongea angekimbia.

Kazi inaanza kwa kukaa duara. Majani makavu ya seji yanawashwa kwenye kombe, moshi unapita kwa kila mtu, unajipaka kwa mikono, kichwani, kifuani. Mi nikajua tu, ubani. Sikusema kitu.

JUMANNE

Leo siku ya miiba, kupamba visanduku vya ganda la mti kwa miiba ya nungunungu, na sitaisahau.

Mwalimu ni bibi mmoja mfupi, ana miwani imefungwa kwa uzi, kaja na nailoni imejaa miiba ya nungunungu. Kwa lugha yao mnyama huyu ni gaag. Mnyama mmoja anabeba miiba kama 30,000, na mara nyingi anaokotwa barabarani kagongwa na gari, kwa hiyo bibi anaendesha gari na glavu na taulo nene nyuma ya siti. Unampiga taulo, miiba inashika taulo, mzoga unaachwa porini na tumbaku kidogo ya shukrani. Tumbaku ndo inayotangulia kila kitu hapa, hujachuma jani, hujachuna mti, unaweka kwanza.

Afu inaoshwa na sabuni mara tatu nne, ina mafuta ya ajabu. Inachambuliwa kwa ukubwa, na uchambuzi huu ndo uliotumaliza, saa mbili nzima tumekaa mezani tunatenga miiba minene, myembamba, mirefu, mifupi, kama kina mama wanaochagua mchele wa harusi. Na umbea uleule! Nani kaachana na nani, nani kanunua boti kwa mkopo. Bibi anachambua bila kuangalia.

Ganda ni la mti wa birch, wiigwaas, linachunwa mwanzoni mwa kiangazi ndo linaachia vizuri, na unatoa lile la juu tu ili mti usife. Unachora ua lako kwa nyuma au kichwani, unatoboa kwa msharasi, unalowesha mwiba ulainike (wengi wanauweka mdomoni), unapitisha ncha huku, ncha nyingine kule, unakunja kwa ndani. Mwiba mmoja. Afu wa pili. Kifuniko cha kisanduku kisichozidi kiganja kinaweza kula mamia ya miiba. Pembeni unashona na wiingashk, nyasi zenye harufu tamu, kisanduku kinanukia miaka na miaka.

Nilichomwa mara sita. Mwiba wa nungunungu una vijimeno vya kurudi nyuma, ukiingia kuutoa ni kazi. Bibi akanitoa na koleo, akasema kitu kwa Kiojibwe, wote wakafa kwa kucheka, nikauliza kasema nini wakakataa kunitafsiria. Mpaka leo.

Mchana nikamuuliza kajifunzia wapi. Kwa bibi yake, jikoni, mapazia yamefungwa. Kwa sababu mpaka 1951 sheria ya Kanada ilikuwa inakataza sherehe nyingi za kimila, na ingawa miiba haikuwa sherehe, watu walishaogopa kuonekana na chochote. Yeye mwenyewe alipelekwa shule ya bweni ya watoto wa kienyeji kule Spanish, ng'ambo ya maji, ukiongea lugha yako unachapwa. Nikakumbuka kibao tulichokuwa tunavalishwa shingoni sekondari ukikutwa unaongea Kiswahili, nikataka kumwambia, nikameza. Mimi nilikuwa narudi nyumbani jioni, naongea Kiswahili mpaka nalala. Wao walikuwa hawarudi.

Kwa hiyo miaka ya kati pale kuna watu wazima wengi ambao hawakufundishwa na yeyote. Bibi anajua, mjukuu anataka, katikati pamekatika. Programu kama hii kazi yake kubwa ni kumleta bibi na mjukuu meza moja na kuwapa chai, na kumlipa bibi kama mwalimu anavyolipwa, kwa hela, sio kwa cheti cha shukrani.

JUMATANO

M'Chigeeng, kwenye Ojibwe Cultural Foundation. Kituo hiki kipo tangu 1974, ndani kuna makumbusho, ukumbi wa picha, visanduku vya miiba vya kale ambavyo ukivitazama baada ya siku kama ya jana unaanza kuhesabu, unaacha.

Vijana waligawana kona kila mmoja na msanii wake. Yule wa plaiwudi kaganda kwa Norval Morrisseau. Huyu hakuwa wa kisiwani, alitoka maeneo ya Ziwa Nipigon, alilelewa na babu yake aliyekuwa mganga, akaanza kuchora zile hadithi za babu kwenye magome na plaiwudi na karatasi za kufungia vitu, mistari minene myeusi, wanyama unaowaona mpaka ndani ya tumbo. Wapo wazee wa kwao waliokasirika, hayo mambo hayaonyeshwi. Akaendelea. Mwaka 1962 akafanya maonyesho Toronto picha zikanunuliwa zote. Kijana kashika plaiwudi yake ananiangalia, anko, alichora kwenye plaiwudi. Eeh mwanangu.

Na mimi nikamhadithia ya kwetu, kwamba miaka hiyohiyo ya sitini mwishoni Dar kulikuwa na Edward Saidi Tingatinga, kibarua kutoka kusini huko Tunduru, alichora kwenye hadibodi kwa rangi ya kupakia baiskeli, akauza nje ya duka Oysterbay, akafa 1972, na ndugu na wanafunzi wake ndo wakaendeleza mpaka wakawa na ushirika. Akauliza, hao wanafunzi alikuwa anawalipia nini? Nikasema sijui, nadhani aliwapa sehemu ya kukaa na brashi. Akasema basi ni programu.

Bora zaidi ni Daphne Odjig, maana yeye ni mzaliwa wa hapahapa Wiikwemkoong, 1919. Babu yake alikuwa anachonga mawe ya makaburi na ndo aliyemshikisha penseli. Alipokuwa mkubwa akahamia Winnipeg, akafungua duka la kuuza kazi za wasanii wenyeji, na mwaka 1973 wakajikusanya saba, yeye, Morrisseau, Alex Janvier, Jackson Beardy, Eddy Cobiness, Carl Ray na Joseph Sanchez, wakaunda umoja wenye karatasi na sahihi. Na kwenye mipango yao waliandika kwamba watatembelea jamii kuwaamsha vijana, na sehemu ya mauzo iwe mfuko wa kusomesha wanaochipukia. Hiyo 1973! Kabla ya hapo yeye na Carl Ray walishawahi kufundisha vijana wa huku kwenye kisiwa kidogo cha Schreiber, kambi ya sanaa ya kiangazi. Kwa hiyo dada na vani yangu hatujagundua kitu.

Karibu na hapo kuna kanisa la duara, jipya la 1972, vituo vya njia ya msalaba kachora Leland Bell, pia wa Wiikwemkoong, kwa mistari ya Kianishnaabe. Nilikaa humo kidogo. Ni sehemu yenye utulivu kweli.

Jioni ngoma. Hapa nimefundishwa sarufi. Lugha yao inagawa majina mafungu mawili, yenye uhai na yasiyo na uhai, kama sisi na ile M-WA ya viumbe. Sasa ngoma, dewe'igan, ipo kwa wenye uhai. Jiwe, asin, vilevile. Nikawaambia kwa hiyo kwa Kiswahili itabidi niseme ngoma amefika, ngoma amekaa, sio imefika. Wakafurahi sana, usiku mzima binti mmoja anarudiarudia "ngoma amefika" kila gari likiingia.

Niliomba hadithi ya Nanabush, yule mjanja wa hadithi zao, wakakataa. Hizo ni za wakati wa theluji, kiangazi hazisimuliwi. Haya, na sisi mchana hazisimuliwi.

ALHAMISI

Mvua tangu asubuhi. Fomu.

Wamekaa na laptopu wanajaza maombi ya ruzuku, Baraza la Sanaa la Kanada lina programu yake maalum ya sanaa za wenyeji na mkoa wa Ontario nao wana yao, hela ipo kweli, ila fomu inauliza mambo. Binti wa miaka 22 mwenye kisanduku kizuri kuliko vyote kakwama kwenye swali la mafunzo. Anauliza, nimefundishwa na bibi tangu nina miaka sita, naandika wapi, hamna chuo cha bibi kwenye orodha. Dada kamwambia andika jina la bibi, andika miaka 16, andika jikoni. Kaandika hivohivo.

Mchana ilikuwa habari ya sahihi, na hiyo mi nilikuwa na la kusema maana picha bandia zimepita sana mikononi mwangu. Morrisseau alifariki 2007, na Machi 2023 polisi wa Ontario walitangaza wamekamata watu wanane kwa picha feki za jina lake, na wameshika picha zaidi ya 1,000. Elfu! Zilikuwa zimeuzwa miaka na miaka kwa watu wenye hela zao na akili zao. Kwa hiyo nikawafundisha kile ninachojua, piga picha kazi yako mbele na nyuma kabla haijatoka nyumbani, andika tarehe, vipimo, nani kachukua, kwa bei gani, na sahihi iwe moja siku zote, sio leo jina kamili kesho herufi mbili. Yule wa plaiwudi anasaini kwa mchoro wa skrubu. Nikamwambia sawa, ila skrubu iwe ileile.

IJUMAA

Maonyesho kwenye ukumbi wa jamii, saa tisa alasiri. Tangu asubuhi napiga misumari, bibi kakaa kwenye kiti cha plastiki ananielekeza, juu, chini, hapana juu. Fremu 40 zimeingia. Kazi ya miiba haikuwekwa kwenye kioo, nilikuwa nimeandaa nne za kina kirefu kwa ajili hiyo, bibi akazitazama akasema miiba inataka hewa na watu wanataka kunusa. Basi kina kirefu chote kikaenda kwa picha za mtu mwingine.

Bei. Binti kaandika dola 60 kwenye kisanduku chake. Bibi kapita, kasimama, kauliza umetumia siku ngapi. Jioni za wiki tatu. Na kuchuna ganda? Na kupaka rangi? Na miiba uliinunua au ulichambua mwenyewe? Kimya. Bibi kachukua kalamu, kakata, kaandika 450. Binti kawa mwekundu, kasema hakuna atakayenunua, bibi kasema basi kitakaa, hakili.

Na kweli hakikununuliwa. Wazungu wawili watalii walikishika, wakanusa, wakaangalia karatasi, wakaweka chini taratibu. Binti alikasirika, akatoka nje dakika kumi. Zamani kidogo aliwahi kuuza kisanduku kwa duka moja la zawadi mjini kwa dola 40, afu akaja kukiona dirishani kwa mara sita ya hapo, ndo maana bibi hataki kusikia. Mi niko na bibi, lakini nilimuonea huruma binti, maana 60 ni mafuta ya gari ya wiki na 450 ni hewa mpaka mtu atoe.

Plaiwudi mbili zimeuzwa. Aliyenunua moja ni mwalimu wake wa zamani wa shule ya msingi, alilia, kijana hakujua aweke wapi mikono.

Chakula kilikuwa samaki wa kukaanga wa ziwani, nyama ya paa wa huku, mkate wao wa kukaanga ambao, samahani, ni andazi. Nililisema kwa sauti. Nikapewa matano ya njiani.

JUMAMOSI

Narudi kwa upande wa kaskazini, Little Current, kuna daraja la chuma la 1913, njia moja tu, na kiangazi mchana kila saa linajizungusha lote dakika 15 kupisha boti. Nimefika linaanza kuzunguka. Nikazima gari, nikafungua andazi la pili.

Simu ikalia, meseji ya yule wa plaiwudi. Anko, umeacha fremu mbili huku ukumbini, ni za nani?

Nikamjibu ni zako. Moja ni ile kioo kilipasuka, tafuta kipya, vipimo nimeandika nyuma kwa penseli. Ya pili pembe ya chini imeachia kidogo, weka gundi ya mbao, ifunge na kamba mpaka asubuhi, usitumie msumari, mbao itapasuka.

Akanijibu kwa mchoro wa skrubu. Daraja likarudi, wa nyuma yangu akapiga honi.